Kutoka Berlin hadi Chaco: safari ya mama Mmennonite, siku kwa siku, 1947

Huku kwetu Tanzania, ukitaja Wamennonite, Wakristo wanaobatizwa ukubwani na kufundishwa kutoshika silaha, watu hufikiria mkoa wa Mara: Shirati, Bukiroba, Musoma, kazi iliyoanza mwaka 1934 na wamisionari kutoka Marekani. Tawi la kanisa hilo lililotoka Urusi halijulikani sana, na historia yake ya karne ya 20 ni historia ya wanawake. Tunafuata hapa safari yao moja, ya meli Volendam, kutoka Ujerumani hadi Chaco, nyika ya magharibi mwa Paraguay, Amerika Kusini. Mama wa simulizi hii hana jina kwa sababu anawakilisha mamia: ana miaka thelathini na kitu, watoto watatu, mama mkwe mgonjwa wa miguu, na mume aliyechukuliwa usiku na polisi wa siri wa Stalin mwaka 1937 au 1938, asionekane tena.

Alhamisi, 30 Januari 1947. Berlin

Wakimbizi zaidi ya 1,000 wamepewa, dakika za mwisho kabisa, ruhusa ya kupita eneo la Ujerumani lililoshikwa na Warusi tangu vita. Peter Dyck wa Kamati Kuu ya Mennonite (MCC), shirika la misaada la kanisa hilo, alikuwa ameshawaaga kwa huzuni kwamba haiwezekani, meli itaondoka bila wao. Kisha makamanda wa Kimarekani na wa Kirusi wakaafikiana. Sasa kila familia ina saa chache tu za kufunga mizigo.

Mama huyu hafungi kwa kubahatisha. Amekimbia tangu Septemba 1943, msafara wa mikokoteni ulipotoka Molotschna, Ukraini, kuelekea magharibi, na mwendo ule ulimfundisha mpangilio: blanketi nje, ili zitolewe bila kufungua mzigo, sufuria moja, kisu, sindano na uzi, hati zote ndani ya mfuko wa kitambaa ulioshonwa kwenye nguo ya ndani, kwa sababu mzigo huibwa na nguo iliyovaliwa haiibiwi kirahisi. Biblia, kama ipo, huwekwa katikati ya nguo za mtoto. Wengi hawana Biblia. Wana daftari la nyimbo zilizoandikwa kwa mkono.

Chakula cha njiani ni mkate uliokaushwa. Wamennonite wa Urusi wana mkate wao wa safari, zwieback, na utengenezaji wake unastahili kuelezwa vizuri kwa sababu umelisha watu hawa katika kila uhamisho. Unga wa ngano kilo 1, maziwa ya vuguvugu nusu lita, siagi au mafuta ya nguruwe robo kilo, hamira, chumvi vijiko viwili vya chai. Unga ukishaumuka hukatwa vidonge vya ukubwa wa yai. Kila kidonge hubebeshwa kingine kidogo juu yake, kisha kidole gumba hukandamiza katikati mpaka karibu kugusa sinia. Usipokandamiza hivyo, kichwa huanguka ovenini. Vikiiva na kupoa, hupasuliwa na kurudishwa kwenye oveni ya matofali inayopoa, vikae usiku kucha. Unyevu ukibaki ndani, kuvu huingia kabla ya wiki kwisha. Vikikauka sawasawa hukaa miezi, ila joto likizidi mafuta huchacha. Mwaka 1943 akina mama walioka magunia kwa magunia ya mkate huu, wakachinja nguruwe na kuhifadhi nyama ndani ya mafuta. Berlin ya 1947 haina siagi ya kutosha, kwa hiyo mama anakausha vipande vya mkate wa mgao. Njia ni ileile.

Usiku treni ya mizigo inaondoka. Majira haya ya baridi ni miongoni mwa makali zaidi Ulaya iliyoyaona katika karne ya 20. Watoto hulazwa katikati ya behewa, wazee karibu nao, na vijana huketi kando kwenye mbao za ukuta, mahali barafu inapojijenga kutokana na pumzi za watu. Hakuna anayezungumza Kirusi kwa sauti. Hofu ni moja: treni isimamishwe na kugeuzwa mashariki. Wamennonite takriban 35,000 waliondoka Ukraini mwaka 1943. Karibu theluthi mbili walikamatwa na kurudishwa Urusi vita ilipokwisha, wakapelekwa Siberia na Asia ya Kati.

Ijumaa, 31 Januari. Bremerhaven

Wamevuka. Meli bado ipo. Ndani yake tayari wamo wenzao waliopandishwa Uholanzi na wengine waliotoka kambi za kusini mwa Ujerumani. Ndugu waliopotezana tangu Januari 1945, Jeshi Jekundu la Urusi lilipoingia magharibi mwa Poland, wanakutana kwenye ngazi za meli. Wimbo wa watu hawa wa nyakati kama hizi ni “Nun danket alle Gott”, sasa mshukuruni Mungu nyote. Ndugu zao waliokwenda Kanada miaka ya 1920 nao waliuimba walipovuka mpaka wa Latvia.

Jumamosi, 1 Februari. Meli inang'oa nanga

Abiria Wamennonite ni 2,303. Meli yenyewe ni ya Uholanzi, ya mwaka 1922, tani 15,434, iliyobeba askari wakati wa vita. Ni wazi kwa nini inaelekea Paraguay. Kanada inapokea hasa wenye ndugu wa karibu kule, tena wenye afya. Macho yenye trakoma au mapafu yenye alama za kifua kikuu humrudisha mtu kambini. Paraguay inapokea wote: wazee, vilema, wajane wenye watoto saba. Tena tangu mwaka 1921 sheria yake namba 514 inawaahidi Wamennonite kutolazimishwa jeshini, kutokula kiapo mahakamani na kuendesha shule zao. Mama mkwe mwenye miguu mibovu ndiye aliyeamua safari hii, ingawa hakusema neno.

Jumapili, 2 Februari. Bahari ya Kaskazini

Ibada ya kwanza. Hapa ndipo mtu huona imani ya mama huyu imekaa wapi. Makanisa ya Molotschna na Chortitza, makoloni yao ya Ukraini, yalifungwa na serikali ya Stalin katika miaka ya 1930, wahubiri wakapelekwa kambini, na Mmennonite habatizwi utotoni: hubatizwa akishakua, akishafundishwa na kukiri mwenyewe mbele ya watu. Bila mchungaji hakuna ubatizo. Kizazi kizima kilikua bila kubatizwa. Waliofundisha walikuwa akina mama na bibi, kwa sauti ya chini, taa ikiwa imezimwa. Wengine waliacha kabisa kuwafundisha wadogo, kwa kuwa mtoto wa miaka sita akiulizwa shuleni kama nyumbani kwao wanasali, atajibu ukweli. Uamuzi huo haukuwa ukosefu wa imani. Ulikuwa kumlinda mtoto asimpeleke mama yake gerezani bila kujua.

Nyimbo ndizo zilizosalia, nazo zilisalia kwa sababu ya ufundi. Wamennonite wa Urusi walizoea kuandika sauti kwa tarakimu, 1 hadi 7, badala ya noti za mistari. Mwanakwaya wa kwetu aliyekulia kwenye do-re-mi ataelewa mara moja: 1 ni do, 5 ni so, na wimbo ukipandishwa ufunguo tarakimu hazibadiliki. Karatasi yoyote inatosha, hata upande wa nyuma wa kadi ya mgao. Sauti nne hupangwa safu juu ya safu. Ndiyo maana watu waliotoka kambi tofauti, wasiowahi kuonana, wanaimba sauti nne kamili Jumapili ya kwanza.

Kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi wa habari hii huliruka, na si haki kuliruka. Makanisa yale yalifunguliwa tena mwaka 1941 chini ya jeshi la Hitler, na ubatizo ukarudi. Jeshi hilohilo liliwaua Wayahudi waliokuwa majirani wa vijiji hivyo, na wapo Wamennonite walioshiriki. Baadaye wakimbizi hawa walipewa uraia wa Kijerumani na kukaa katika nyumba walizonyang'anywa Wapolandi, na wavulana wao wakavalishwa sare za jeshi, wao waliofundishwa kutoshika silaha. Mama anayeimba humu melini alipokea ibada kutoka mikono ile. Shukrani yake ni ya kweli, na damu ile nayo ni ya kweli.

3 hadi 6 Februari. Kuelekea ghuba ya Biscay

Kichefuchefu. Wanaolala vitanda vya juu huumwa zaidi, na wanaolala mbele ya meli kuliko wote. Dawa ni mkate mkavu, maji kwa vijiko, kukaa karibu na katikati ya meli na kutazama upeo wa bahari. Kosa la kawaida ni kujifungia chini gizani na kuacha kula; tumbo tupu hutapika vibaya kuliko lenye mkate.

Tatizo la pili halitarajiwi: chakula kingi. Watu walioishi kwa viazi na supu nyepesi miezi mingi wanapewa ghafla nyama na mafuta, na watoto wanaharisha. Mama mwenye busara huanza na uji, kisha mkate, na mafuta huyaongeza taratibu kwa siku kadhaa.

Nepi nazo ni kazi. Maji matamu yana mgao. Sabuni ya kawaida haitoi povu katika maji ya bahari, na nguo iliyofuliwa nayo haikauki sawasawa, kwani chumvi hunyonya unyevu. Kwa nguo za mtu mzima si neno. Nepi lazima isuuzwe mara ya mwisho kwa maji matamu, hata kikombe kimoja, la sivyo mtoto ataungua mapaja.

Katikati ya Februari. Ikweta

Kumbi za chini ni moto. Nguo zote ni za sufu, kwa hiyo mikono ya magauni inakatwa na vipande vinashonwa kofia za jua. Kazi zimegawanywa: kumenya viazi, kufagia, zamu za wagonjwa, shule ya watoto. Elfrieda Dyck, mke wa Peter, ni muuguzi. Katika safari za mwaka uliofuata alisimamia meli nzima za wakimbizi bila mumewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mwanamke katika kanisa lile.

Jioni, akina mama huulizana habari za waume. Nani alimwona nani, kambi gani, mwaka gani. Huandikiana. Kuhusu mambo waliyofanyiwa na askari mwaka 1945 wengi hawaongei, na kanisa halikuwa na lugha ya kuwasikiliza. Wenye watoto waliozaliwa kwa njia hiyo wamo melini pia.

Jumamosi, 22 Februari. Buenos Aires

Siku 21 baharini zimekwisha. Wanashuka kwenye kambi ya mahema, na mpango ni kupanda mto kwenda Asunción, mji mkuu wa Paraguay, mwendo wa takriban kilometa 1,600, kwa mafungu. Fungu la kwanza linaondoka.

Machi hadi katikati ya mwaka

Machi vita vya wenyewe kwa wenyewe vinalipuka Paraguay, na vitaendelea hadi Agosti. Mto haupitiki kwa salama. Waliobaki wanakaa kwenye mahema Argentina, waliotangulia wanasubiri karibu na Asunción au wanachukuliwa nyumbani na Wamennonite wa makoloni ya zamani. Hema la turubai lisipochimbiwa mfereji pande zote, kina cha kiganja kimoja, mvua moja tu inalowesha magodoro yote. Hili walilijua tangu kambi za Ujerumani.

Mto, Puerto Casado, kilometa 145

Meli ya mto inawafikisha Puerto Casado, bandari ya kampuni ya magogo ya quebracho. Hapo huanza reli nyembamba inayoingia Chaco kilometa 145, na treni yake inayochoma kuni hutumia siku nzima. Cheche huruka; blanketi ikiachwa wazi hutoboka. Reli inapoishia, mikokoteni ya maksai ya ndugu wa koloni la Fernheim, waliofika mwaka 1930, inasubiri.

Maksai hawaendeshwi kama farasi, na mama huyu amezoea farasi. Wakilazimishwa mchana wa nyuzi 40 hulala chini na hawainuki. Mwendo ni alfajiri na usiku, mapumziko saa nne asubuhi hadi alasiri. Siku kadhaa hivyo mpaka Filadelfia, kitovu cha Fernheim, kisha kusini kwenye ardhi mpya, koloni la Neuland. Wenzao wengine walianzisha koloni jingine mashariki ya mto, wakaliita Volendam kwa jina la meli.

Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa ya Waenlhet na Wanivaclé, ambao hawakuulizwa ilipouzwa. Mara nyingi wao ndio waliowaonyesha wageni mahali pa maji, na ndio waliofyeka mashamba yao kwa ujira mdogo. Suala la ardhi ile bado linawauma wajukuu wao.

Wiki za kwanza kwenye kiwanja

Kwanza maji. Kisima cha kwanza kikitoa maji ya chumvi, hakuna dawa. Unahamia mahali pengine na kuchimba upya. Maji matamu hupatikana zaidi chini ya mbuga za mchanga zenye nyasi chungu, yakielea juu ya yale ya chumvi. Ukizidisha kina kwa tamaa ya maji mengi, unaitoboa tabaka hiyo na kisima chote kinaharibika.

Pili nyumba. Udongo hukandwa na nyasi zilizokatwakatwa, ukajazwa kwenye kalibu ya mbao ya sentimeta 30 kwa 15 kwa 10. Siku ya tatu tofali husimamishwa kwa ubavu likauke pande zote, na huachwa angalau wiki mbili. Mfinyanzi ukizidi, tofali hupasuka. Mchanga ukizidi, kona humomonyoka. Chumba cha mita 4 kwa 5, ukuta wa mita 2 na nusu, hula matofali yasiyopungua 1,100, kila moja likiwa na uzito wa kilo saba na zaidi. Mama na watoto wawili wakubwa wakifyatua 80 kwa siku, ni wiki mbili za kufyatua tu, kabla ya jiwe moja kuwekwa. Nguzo ni za quebracho, mti mgumu usioliwa na mchwa, na kwa ugumu huohuo shoka butu hurudi usoni. Paa ni nyasi.

Nguvu za kunyanyua paa ndizo zilizokosekana. Kati ya familia 641 zilizoanzisha Neuland, 253 hazikuwa na baba. Kijiji kimoja, Friedensheim, kilikaliwa karibu na wanawake na watoto wao peke yao, na watu wakakiita kijiji cha wanawake. Walifanya kwa zamu: familia tatu au nne kwenye paa moja, kisha lingine. Maksai na plau vilishirikiwa vivyo hivyo.

Oktoba na Novemba. Mvua

Mtama, karanga, maharage, viazi vitamu, mihogo, pamba ya kuuza. Sisimizi wakata-majani humaliza miche ya kitalu usiku mmoja. Lazima kiota chenyewe kichimbuliwe, kwa maana kuwafukuza shambani hakusaidii. Nzige hufukuzwa kwa kupiga madebe, nusu ya mazao huenda.

Unga wa ngano ni ghali, hutoka mbali. Zwieback ya mtama mtupu haiumuki, kwani mtama hauna ule mnato unaoshikilia hewa ya hamira. Akina mama walichanganya nusu kwa nusu, au wakaongeza kiazi kitamu kilichopondwa ili kushikamanisha. Jumamosi bado ilikuwa siku ya kuoka.

Jumapili

Ibada chini ya mti, kisha ndani ya jengo la shule. Wahubiri wamepatikana, ubatizo unafanyika Pentekoste, na mabinti waliofundishwa gizani wanakiri wazi. Lakini hapo utaratibu wa zamani nao umerudi. Wanawake walioibeba imani bila mchungaji miaka kumi wanaketi kusikiliza, na maamuzi ya kanisa yanafanywa na wanaume wachache waliobaki. Tunaona hili lilikuwa deni lisilolipwa.

Uamuzi mgumu kuliko yote ulihusu ndoa. Mke wa aliyechukuliwa mwaka 1937 ni mjane au si mjane? Bila ushahidi wa kifo, kanisa kwa kawaida halikumruhusu kuolewa tena, na aliyeishi na mwanamume mwingine alitengwa. Shamba la Chaco lilimtaka msaidizi, kanisa likamtaka asubiri.

Kisha Septemba 1955 Kansela wa Ujerumani Magharibi, Konrad Adenauer, alikwenda Moscow kuomba wafungwa wa Kijerumani waachiwe, na katika miezi iliyofuata barua zikaanza kufika kutoka Siberia na Kazakhstan. Baadhi ziliandikwa na waume walio hai, wenye wake na watoto wengine huko. Baadhi zilifika kwa wanawake waliokuwa wamekwisha kuolewa. Mpaka wa Urusi haukuruhusu mtu kutoka. Wazee wa makanisa walilazimika kuketi upya juu ya kila shauri, jina kwa jina, na katika miaka hiyohiyo familia nyingi za Neuland zilikuwa zikifunga tena mizigo, blanketi nje na hati kwenye nguo ya ndani, kwenda Kanada na Ujerumani.